Marehemu Baba Ambaye Hakuwahi Kuwepo

Katika jumuiya yetu pale Musoma mimi ndiye fundi wa dhambi. Simaanishi kuzitenda, maana huko kila mtu ni fundi, namaanisha kuzifundisha. Kwaresima ikikaribia na wanajumuiya wakaanza kugawana mada, hakuna anayeigombania mada ya dhambi isipokuwa mimi. Wengine hupenda kufundisha upendo, wengine malezi ya watoto, na kuna mzee mmoja ambaye kwa miaka yote nimemsikia akifundisha habari za malaika tu. Mimi naachiwa Adamu na Hawa.

Na nafundisha vizuri, nisijinyime sifa. Nasimama sebuleni kwa mtu, viti vya plastiki vimejaa mpaka barazani, nawaeleza kwamba dhambi si matendo peke yake, ni hali tuliyozaliwa nayo. Ni kama kitambaa kilichofumwa upande tangu kiwandani: utakata utakavyokata, nguo itavuta upande tu. Mimi nashona nguo, nina cherehani nne na duka dogo, kwa hiyo mifano yangu yote hutoka dukani. "Sisi sote ni wakosefu," nasema, na watu wote wanatikisa vichwa kwa masikitiko na kwa raha. Ni sentensi tamu sana hiyo. Unaweza kuisema mbele ya watu thelathini na hata mmoja asikuulize umefanya nini.

Kwa hiyo mwaka jana, siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi, Mama aliponipigia simu kutoka kijijini kwetu, upande wa Butiama, akaniambia ana tatizo la dhambi, niliona amempigia mtu anayestahili.

Tatizo lenyewe lilikuwa kwamba hana.

Mama alikuwa ameanguka shambani miezi miwili nyuma, presha imepanda. Alipotoka hospitali akasema anataka kupokea komunyo tena kabla hajafa. Alibatizwa akiwa mtoto, akapata komunyo ya kwanza, halafu akaolewa, na kuolewa kwake kukawa kwa namna ambayo kanisa halikujua kuiandika. Tangu hapo, miaka zaidi ya arobaini, alikuwa akienda misani na kubaki kwenye benchi wakati wenzake wanapanga mstari. Alishakuwa na benchi lake, la nne kutoka nyuma, upande wa wanawake. Sasa Padri mpya, kwa kumwona mzee na mgonjwa, alikuwa amemwambia hakuna tena kizuizi kikubwa. Aje aungame tu, Pasaka apokee.

"Nimekaa siku tatu nafikiria," Mama akasema kwenye simu. "Sioni kitu. Si ndiyo unafundishaga wewe? Njoo unitafutie."

Nikamwachia msaidizi wangu duka, nikanunua dagaa na sato wawili wakavu, nikaenda kumtafutia mama yangu dhambi.

Hapa inabidi nieleze nyumba yetu, kazi ambayo nimeikwepa zaidi ya miaka ishirini. Mama yangu aliolewa na mwanamke. Msomaji wa Mara hana haja ya maelezo, wengine wanivumilie. Kwetu, mwanamke mwenye mji wake na ng'ombe wake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, anaweza kuoa. Anatoa mahari, analeta binti nyumbani, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake yeye, watachukua jina lake na kurithi zizi lake. Tunaita nyumba ntobu. Aliyemuoa Mama ndiye Bibi yetu, ambaye Mama mwenyewe humwita Mama, mjane asiyezaa, mwenye ng'ombe wengi na ulimi mkali. Mama alikuwa na miaka kumi na minane. Mwanamume aliyehusika na kuzaliwa kwetu sisi watatu alikuwepo, alikuwa akipita na tulimwamkia kwa heshima, lakini hakuwa baba yetu, kama vile mvua isivyo mwenye shamba.

Hakuna aliyeona ajabu mpaka nilipohamia mjini. Watu wa mjini ukiwaambia mwanamke ameoa mwanamke wanapata mawazo yao waliyoyaokota kwenye simu, na kuwatoa huko ni kazi ya saa nzima. Nikachagua njia ya mkato. Nikasema baba yangu alifariki nikiwa mdogo.

Nilimuua kwanza kwenye fomu ya chuo cha ushonaji. Nikamuua tena kwenye fomu ya ndoa. Kadiri miaka ilivyokwenda marehemu akazidi kupata sura: nikampa jina, nikampa kazi ya ukarani wa pamba, nikampa ugonjwa wa kifua. Alikuwa mpole, hakuwahi kunipiga. Kila Novemba napeleka jina lake kwenye bahasha ya marehemu na linasomwa kanisani kwa sauti. Parokia nzima imemwombea apumzike kwa amani, na sidhani kama yuko marehemu mwingine mwenye amani kumzidi.

Niliolewa Bunda. Baba mkwe wangu ni katekista mstaafu, mtu wa kuvaa tai hata akienda sokoni, na mbele ya mtu kama huyo marehemu karani alinifaa sana. Mume wangu alikuja kuujua ukweli baadaye, akaamua kumhurumia baba yake. Mjomba alisimama mahali pa wazazi. Mama alikuja. Bibi hakuja, lazima mtu abaki na ndama.

Nilipofika nyumbani mwaka huo wa jana, Bibi alikuwa amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe kando ya jiko, miguu ameinyoosha, kikopo cha ugoro mapajani. Ana miaka tisini na kitu. Mwenyewe anahesabu kwa njaa zilizopita na hatupati jibu lilelile mara mbili. Macho yamefifia, lakini masikio ni mazima kabisa. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikavuta kigoda, nikafungua daftari.

"Tuanze na amri," nikasema. "Umewahi kuabudu miungu mingine?"

"Nani ana nafasi?" Mama akajibu.

"Umewahi kuiba?"

"Kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote, Mama."

Akafikiri. "Nilichukuaga mihogo kwa jirani, mwaka ule wa njaa. Mvua iliponyesha nikampelekea kuku. Tukamaliza."

"Basi tunaandika hiyo."

"Unaandika nini? Imeishaga. Nikimpelekea Padri si nitakuwa naifufua? Kuku mwenyewe walimla wakasema ni mtamu."

Nikamweleza kwamba kumkosea jirani ni kumkosea na Mungu. Akauliza kwa hiyo jirani akishasamehe, Mungu anabaki amenuna peke yake? Nikasema si kununa. Akasema basi ni nini. Nikarudi nyuma, kwenye mwanzo wa mambo, mahali ambapo mimi hujisikia nyumbani: bustani, tunda, anguko, na jinsi sisi wote tunavyozaliwa tumerithi hali ile kutoka kwa Adamu. Nilieleza vizuri. Nilitumia mfano wa kitambaa.

Bibi akanusa ugoro wake.

"Huyo Adamu ni wa ukoo gani?"

"Ni baba wa watu wote, Bibi."

"Si wa hapa. Watoto wa nyumba hii niliwatolea ng'ombe mimi. Mtarithi zizi langu. Kama huyo alitaka kuwarithisha kitu, naye angeleta ng'ombe wake hapa tukamwona."

Nimefundisha dhambi ya asili miaka kumi na moja na sijawahi kukutana na swali hilo. Nikamwambia ni fumbo. Ndilo neno tunalolitumia walimu tukiishiwa.

Basi nikaamua kumsaidia Mama kwa vitendo. Nikaandika mwenyewe orodha kwenye daftari, herufi kubwa, ili aikariri: uongo, kiburi, kujiona bora kuliko wenzake, kupenda kusifiwa, kusengenya, kusali kwa mdomo bila moyo. Nikampa. Mama alisoma mpaka darasa la nne. Akaweka kidole chini ya kila neno, akaenda nayo polepole hadi mwisho.

"Huyu mama ni mbaya," akasema. "Ni nani?"

"Ni wewe, Mama. Ni mfano tu."

"Mimi nimsengenye nani huku? Niko na ng'ombe na Bibi yenu."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Hukumpima mama yako," akaniambia. "Umejipima mwenyewe, sasa unataka avae yeye."

Nilikasirika, nakiri. Nilikuwa nimeacha sare za shule nzima hazijakatwa, nimekuja na samaki, halafu nachekwa na mtu ambaye hata kubatizwa amekataa. Maana katekista wa kijiji alikuwa amemfuata Bibi mara nyingi kumweleza habari za ubatizo, na kila mara jibu lake lilikuwa hilohilo: mlango wao anauona kwa mbali na unamtosha. Mimi nilishamfanya mfano kwenye mada zangu. Kila Kwaresima nawaambia wanajumuiya habari za ajuza mmoja ninayemfahamu, bila kumtaja, jinsi moyo wa binadamu unavyoweza kuwa mgumu hata uzeeni.

Kesho yake, Jumamosi, nikampeleka Mama parokiani. Padri ni kijana, ametokea mikoa ya kusini, hana hata mwaka kwetu. Tukamsalimu Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia, akatukalisha barazani kwenye meza yenye kitabu kikubwa. Alitaka kwanza kuweka sawa kumbukumbu za Mama.

"Mama, uliolewa?"

"Niliolewa."

"Na mume wako yuko wapi?"

Mama akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta pa kuanzia, na nikaona jinsi hadithi itakavyokuwa ndefu, na kijana wa watu kutoka kusini, na wanawake wengine wamekaa kwenye benchi pale jirani wanasikia.

"Alishafariki, Padri," nikasema.

"Pole sana. Jina la marehemu?"

Nikampa. Lilinitoka bila kujikwaa, jina lile lile la Novemba, na Padri akaliandika kwa mwandiko mzuri. Mama akanigeukia akanitazama kama unavyomtazama mbuzi uliyemkuta kwenye mahindi yako. Halafu akainuka, akaingia kuungama.

Nikakaa kwenye benchi na wale wanawake. Kwa kawaida bibi kizee wa kijijini haungami kwa muda mrefu. Mama alikaa. Wanawake wakaanza kutazamana, kisha wakaanza kunitazama mimi. Nikiri na hili: nilianza kuona fahari. Nilijiambia, kumbe zipo, na ni mimi niliyezichokonoa.

Alitoka anajifuta uso kwa kanga. Padri akachungulia kuita anayefuata, akaniuliza, kama anavyomuuliza yeyote aliyekaa kwenye benchi lile, kama na mimi nataka kuungama. Nikamwambia nilishaungama juma lililopita, Musoma. Ilikuwa kweli. Niliungama kukosa uvumilivu.

Tulirudi kwa miguu, taratibu, kwa ajili ya presha yake. Tulipofika kwenye kivuli cha kwanza akasimama.

"Nimepata moja," akasema.

"Moja tu? Muda wote ule?"

"Ni kubwa." Akapumua kidogo. "Siku ya harusi yako, Bunda. Yule kijana wa kipaza sauti alisemaga tusimame dakika moja kumkumbuka marehemu baba wa bibi harusi. Nikasimama. Nikalia. Wakwe zako wakaja kunishika mkono, wakanipa pole, nikazipokea zote."

"Mama, ulilia kwa sababu ulikuwa na uchungu wa kuozesha."

"Nililia kwa sababu Bibi yenu alibaki na ndama. Ulimwambia kanisani hawaruhusu kuingia mtu ambaye hajabatizwa. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni kwetu nimeshika sinia, nikanyamaza."

Nimesema Bibi hakuja kwa sababu lazima mtu abaki na ndama. Hivyo ndivyo nimezoea kusema, na nimeizoea kiasi kwamba hata hapa imenitoka yenyewe. Ukweli ni ule alioutaja Mama. Bibi alikuwa amekwishajiandaa. Gauni lake nililishona mimi mwenyewe, nilikuwa bado najifunza: kitambaa cha zambarau, mikono mikubwa ya mtindo wa wakati ule, imevimba mabegani. Alilijaribu mara tatu. Ng'ombe wa mahari yangu walishaingia zizini kwake. Zikiwa zimebaki siku mbili nikamwambia Padri wa Bunda ni mkali, asiyebatizwa haruhusiwi kuvuka mlango. Hakubisha. Alilikunja gauni, akalitia kwenye sanduku, akasema, "Basi nitabaki na ndama." Alipokea ng'ombe, hakupokea mwaliko. Na tangu siku hiyo hakusogelea mlango wa kanisa lolote, kwa sababu mjukuu wake msomi alishamwambia si wake.

"Mbona jana hukuisema?" nikamuuliza Mama. "Tulitafuta mchana mzima."

"Nilikuwa natafuta kwenye zilizokwisha. Hii haijaisha, ndiyo maana sikuiona. Umesema baba yako amefariki, pale mezani, ndiyo nikaiona imesimama."

Nikamuuliza kama amemweleza Padri kuhusu nyumba yetu.

"Nimemweleza. Uongo wako umebaki kule nje kwenye kitabu. Mle ndani nimesema mambo yangu."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama mimi na Bibi yenu tunagombanaga. Nikamwambia kila siku. Akacheka. Akasema hayo ya ndoa atawauliza wakubwa wake, lakini hili la mlango halina haja ya mkubwa. Kitubio changu ni nimwambie Bibi. Kabla ya Pasaka."

Sasa sikiliza mwalimu wa dhambi alivyofanya. Nikamshauri asimwambie. Nikamwambia Bibi ni mtu mzima sana, moyo utashtuka. Kwamba Padri ni kijana na hajui wazee wetu. Kwamba angeweza kusali rozari nzima, hata mbili, na Mungu anaangalia nia. Nilisema kwa upole na kwa hoja. Sijawahi kufundisha vizuri kama nilivyofundisha chini ya kivuli kile.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa umechoka, na niliona anaogopa kweli. Alikuwa ameishi na yule mwanamke karibu nusu karne, wamezika ndugu pamoja, wamelima pamoja, na sasa alitakiwa aende kumwambia kwamba siku moja alimwona anafungiwa nje akashika sinia yake kimya.

"Akinifukuza, nitaenda wapi?" akasema. "Ule mji ni wake." Halafu akaanza kutembea.

Jua lilikuwa bado juu tulipofika. Bibi alikuwa palepale kwenye ngozi. Mama hakuvua hata kanga ya kichwani. Alipiga magoti mbele yake akaanza kusema, kwa lugha ya nyumbani, ambayo haina maneno ya kuzunguka. Alisema harusi, alisema sinia, alisema dakika moja ya kusimama, alisema pole alizozipokea kwa mtu ambaye hayupo. Alisema kwamba kanisa halikuwahi kukataza mtu kuingia.

Kuku alipita katikati yao na hakuna aliyemfukuza.

"Nani alisema hawaruhusu?" Bibi akauliza.

"Mimi nilinyamaza," Mama akajibu.

"Sijauliza nani alinyamaza."

"Mimi nilinyamaza, Mama. Ndiyo yangu. Sina nyingine."

Angeweza kunitaja, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Hakunitaja. Bibi akanyoosha mkono, na Mama akajua anataka nini, akaenda akaleta kibuyu cha maji. Kwetu jambo likishasemwa linamalizwa kwa maji. Bibi akapiga funda, akampulizia Mama usoni na kifuani, pwii, na Mama akainamisha kichwa maji yakimdondoka puani, na ikawa imekwisha.

Kisha Bibi akapiga funda la pili. Hakumpulizia Mama. Aligeuka upande wangu, mashavu yamejaa, akangoja.

Nikapiga magoti. Nilijua vizuri la kusema, nina uzoefu.

"Bibi," nikaanza, "sisi binadamu ni dhaifu sana, na sote mbele za Mungu..."

Bibi akameza maji.

Akapiga funda jingine, akangoja.

"Bibi, kama kuna mahali popote nilikukwaza, kwa kujua au kwa kutojua..."

Akameza tena. Nilisikia yanavyoshuka. Akainua kibuyu, akakitikisa kusikia kilichobaki, akajaza mdomo mara ya tatu, na safari hii akafumba macho kama mtu anayejiandaa kungoja sana.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mwenye duka, mwalimu wa jumuiya, na sikuwa nimewahi kusema kosa langu mbele ya mtu niliyemkosea. Nilishawahi kulisema kwa Padri, gizani, kwa majina ya jumla. Nikasema, "Nilikuonea aibu. Niliwaambia watu nina baba, amekufa, ili wasijue nimetoka kwako. Na mlango nilikufungia mimi, siyo Padri."

Hakupuliza mara moja. Alibaki na maji mdomoni, macho yamefumbwa, na mimi nikaanza kuogopa kwamba atayameza na hayo, kwamba zamu hii amekataa kweli. Ndipo yakaja, usoni kote, ya baridi, yananuka ugoro. Nililia kama mtoto, wala sioni haya kusema.

Bibi akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Huyo baba yako unayemwombeaga," akasema, "alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Hakuwa na ng'ombe, Bibi. Alikuwa karani."

"Karani." Alilitema lile neno kuliko alivyotema maji. "Umeniacha mimi, ukaenda kwa karani asiye na hata mbuzi."

Juma Kuu lote nilikuwa Musoma nashona. Nilikuwa nimeahidi moyoni kwamba nitaungama jambo hili sawasawa, kwamba nitamrudia Padri afute jina kwenye kitabu, kwamba nitamwambia baba mkwe. Lakini foleni za maungamo zilikuwa ndefu, na sare zilikuwa zinasubiriwa, na Bunda ni safari. Unajua mwenyewe mambo yanavyokuwa.

Jumapili ya Pasaka nikaenda kusali na Mama kule nyumbani. Bibi alikuwa ameshaketi juu ya bodaboda kabla hatujamwalika, amevaa gauni la zambarau. Mikunjo ya sanduku haikutoka hata kwa pasi, na mikono ile mikubwa ilikuwa imemfikia masikioni kwa jinsi alivyopungua. Katekista alipomwona akakimbia kumpokea. Bibi akamwambia atulie, hakuja kubatizwa, amekuja kuuona mlango.

Na kweli aliuona. Alisimama kizingitini akaupapasa ubao juu mpaka chini, watu wamejazana nyuma yake, kwaya imeshaanza. Kisha akavuka. Tukakaa kwenye benchi la Mama, la nne kutoka nyuma.

Ulipofika wakati wa kuungama wote pamoja, kanisa zima likapiga vifua na kusema limekosa. Bibi akageuka huku na huku.

"Wamekosa nini?" akamuuliza Mama, kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona.

"Kila mtu anajua yake."

"Mbona hawasemi?"

"Wanamwambia Mungu, Mama."

"Na waliokosewa wako wapi?"

Wanawake wa benchi la mbele wakageuka. Ngumi yangu ilikuwa bado kifuani, na sikujua niishushe vipi. Baadaye Padri alipopita na tawi akiwanyunyizia watu maji ya baraka, tone moja likampata Bibi kwenye shavu. Alilifuta, akalitazama, akasema huyu anarusha bila hata kuuliza.

Wakati wa komunyo Mama aliinuka. Nilimwona anavyofunga kanga vizuri kiunoni, anavyoingia kwenye mstari, mikono ameikunja kama alivyofundishwa akiwa msichana. Benchi letu lote likamfuata. Nikajiandaa kuinuka kama ninavyoinuka kila Jumapili, na miguu ikakataa. Kule sakristia kulikuwa na kitabu chenye jina la marehemu wangu kwa mwandiko mzuri wa Padri, na juma zima sikuwa nimerudi kulifuta.

Tukabaki wawili kwenye benchi, mimi na Bibi.

"Wewe mbona huendi?" akaniuliza. "Si ndiye mwalimu wao?"

"Bado nina moja, Bibi. Haijaisha."

Kisha akaukusanya mkono mmoja wa lile gauni, akausogeza upande wake ili nipate nafasi.

"Basi kaa," akasema.